Perege Hagusi Nzi: Matatizo ya Uvuvi wa Manyoya Wakati wa Baridi, Arusha na Moshi

Kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita hadi mwezi wa nane, malalamiko ya wanaovua kwa nzi wa manyoya, yaani ndoano iliyovikwa manyoya ifanane na mdudu, hapa Arusha ni yale yale. Mtu aliyekuwa akirudi na kitoweo cha kutosha mwezi wa pili sasa anakaa ukingoni mwa Ziwa Duluti asubuhi nzima, sweta chini koti juu, na ncha ya fimbo haijatikisika. Anabadilisha nzi, anabadilisha rangi, anahama jiwe. Saa nne anafunga virago na kusema samaki wamelala.

Hawajalala. Wamepunguza mwendo na wamehama kina, basi. Karibu kila tatizo la msimu huu linatokana na moja kati ya hayo mawili, na rangi ya nzi iko mbali sana kwenye orodha ya washukiwa.

Maelekezo mengi yaliyopo kuhusu uvuvi huu wakati wa baridi yameandikwa kwa ajili ya besi, samaki wa Marekani mwenye mdomo mpana na tamaa isiyo na kiasi. Jirani zetu Kenya wanamfahamu, maana aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920. Waandishi wa kule wanazungumzia maji ya nyuzijoto 6 au 8 za Selsiasi, tena yenye barafu pembezoni. Msomaji wa Tengeru anasoma, anacheka, anaweka simu mfukoni. Angeendelea kusoma. Baridi ya samaki hailingani na ya samaki mwingine. Besi hustawi kwenye maji ya nyuzijoto 25 hivi, na chini ya 10 hula kwa kusuasua. Perege anapenda 27 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 hamu yake ya kula inapungua sana, na kwenye 16 karibu anaacha kabisa. Maana yake ni kwamba perege aliye kwenye maji ya nyuzijoto 18 anajisikia kama besi wa Marekani katikati ya majira yao ya baridi. Mbinu zao zinatufaa, ila kuna sehemu moja ambayo lazima uigeuze juu chini, nitaieleza.

Nachukulia una fimbo namba 5 au 6 (namba hiyo ni ya uzito wa mshipi inaoubeba), mshipi mnene unaoelea, na uzi wa mbele, ule mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, usiopungua mita 2.7. Nachukulia pia umeshauliza habari ya leseni kwenye ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako, na kwamba unajua Duluti ni msitu wa hifadhi wenye kiingilio.

Kabla ya kulaumu chochote, pima maji

Kipimajoto cha maji kinapatikana kwa wanaouza vifaa vya ufugaji wa samaki na matangi ya samaki wa mapambo, na si ghali. Kifunge kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita, weka chubwi chini yake, kizamishe, subiri dakika mbili tatu, kisha kivute haraka ukisome. Pima karibu na juu, pima mita moja, pima mbili, pima tatu. Fanya hivyo ukifika, na urudie saa nane mchana.

Maji yakiwa 22 au zaidi, achana na mwongozo huu, vua kama kawaida yako. Kati ya 19 na 21, punguza mwendo wa kila kitu. Chini ya 19, vua mchana tu na mahali penye jua. Kwenye 16, kanywe chai. Mabwawa ya kuchimbwa ya Usa River na Tengeru, kwa kuwa hayana kina, hupoa haraka usiku na asubuhi ya mwezi wa saba yanaweza kuwa chini ya 20 bila shida. Lakini pia hupata joto haraka kuliko ziwa jua likitoka. Kwa hiyo siku moja hiyohiyo bwawa linaweza kukunyima saa mbili asubuhi na kukupa saa tisa.

Dalili: kimya kabisa, hakuna hata mguso

Hili ndilo tatizo lenye sababu nyingi. Anza na saa. Sisi tumelelewa kwamba mvuvi ni mtu wa alfajiri, na kwa miezi ya joto ni kweli. Wakati wa baridi alfajiri ndiyo saa mbaya kuliko zote, kwa sababu maji yamepoteza joto usiku kucha na wingu la Meru bado limekaa. Wingu hilo likipasuka, mara nyingi saa tano au saa sita, ukingo unaanza kupata joto. Saa saba hadi saa kumi ndiyo dirisha lako. Nyuzijoto moja au mbili zinazoongezeka mchana zinaonekana ndogo kwako, lakini kwa samaki aliyekuwa kwenye 18 ni tofauti ya kula na kutokula. Lala, amka, kunywa uji, nenda shamba, halafu njoo ziwani.

Sababu ya pili ni upande uliosimama, na hapa ndipo pa kugeuza. Wavuvi wa besi husema kwa sauti moja kwamba wakati wa baridi uvue ukingo wa kaskazini, maana ndio unaopata joto mapema. Wao wako mbali kaskazini mwa ikweta, jua lao linapita upande wa kusini. Sisi tuko digrii 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na mwezi wa sita na wa saba jua letu la saa sita liko upande wa kaskazini. Ukifuata ushauri wao Duluti utajikuta umesimama chini ya miti, maji yako kivulini: mti wa mita 20 ulioko ukingo wa kaskazini unatupa kivuli cha karibu mita 10 kuingia majini saa sita mchana. Nenda ukingo wa kusini, ambako miti iko mgongoni kwako na kivuli chake kinaangukia nchi kavu. Njia rahisi ya kukumbuka ni kuutafuta Mlima Meru: ukiuona ng'ambo ya maji, mbele ya uso wako, uko upande sahihi. Kenge nao ni walimu wazuri kwa hili. Palipo na kenge anayeota jua juu ya gogo, maji ya karibu yake yanapata jua pia.

Kukiwa na upepo mpole uliovuma kwa saa kadhaa huku jua likiwaka, hesabu inabadilika kidogo, kwa kuwa upepo unasukuma maji ya juu yaliyopata joto kwenda ukingo unaopigwa na mawimbi. Hapo mimi hufuata mawimbi kuliko jua. Upepo wa baridi chini ya mawingu, kinyume chake, haukusaidii popote, unapooza maji tu.

Sababu ya tatu, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu siku za watu wengi zaidi, ni kina. Mvuvi anadhani nzi wake yuko mita tatu chini, kumbe yuko mita moja. Jaribu hivi nyumbani. Chukua pipa la lita 200, lijaze maji, dondosha nzi aliyefungwa kwenye uzi mwembamba, hesabu taratibu mpaka aguse chini. Pipa lina kimo cha karibu sentimita 90. Nzi akitumia sekunde sita, basi mita tatu zitamchukua sekunde ishirini, na ziwani ni zaidi, kwa sababu mshipi unaoelea unamvuta juu. Ni wachache wanaokaa sekunde ishirini bila kuanza kuvuta, mkono unawasha.

Ziwani rusha, hesabu kumi, vuta. Rusha tena palepale, hesabu kumi na tano. Halafu ishirini. Endelea hivyo mpaka nzi arudi na jani au tope, kisha toa hesabu mbili tatu: huko ndiko juu kidogo ya sakafu, na samaki wa baridi hukaa hapo. Ukipata mguso, ikumbuke hesabu ile kama namba ya simu ya shemeji. Na usisahau kwamba kwa mshipi unaoelea, urefu wa uzi wa mbele ndio mpaka wako: uzi wa mita 2.7 hauwezi kumfikisha nzi mita nne. Ongeza uzi mwembamba ufike mita nne au tano, au ununue mshipi unaozama.

Mwendo ni sababu ya nne. Kwenye maji ya nyuzijoto 27 perege atakimbiza kitu. Kwenye 18 hakimbizi. Yeye ni kiumbe ambaye joto la mwili wake ni joto la maji, na misuli iliyopoa haina haraka. Weka mshipi kiganjani na uuzungushe kwa vidole, zungusho moja dogo, kisha tulia, kisha jingine. Nzi anasogea sentimita tano hivi kwa wakati. Ukijiona unachoka kwa kuboreka, uko kwenye mwendo unaofaa. Ukijiona unafurahia kuvuta, unakimbia.

Na kama mkono wako haukubali kutulia kabisa, kuna mbinu ya besi iliyozaliwa kwenye mabwawa makubwa ya Tennessee ambayo inauondoa mkono kwenye hesabu: unamning'iniza nzi chini ya boya, mita mbili au tatu, na kumwacha. Kule, dagaa wao wadogo hudhoofika maji yakipoa sana, wanabaki wananing'inia wakitetemeka, na besi wa aina nyingine, mwenye mdomo mdogo, anawaokota bila kufukuza. Wenzetu wakatengeneza ndoano ya manyoya inayofanya vivyo hivyo, na mawimbi madogo yanayotikisa boya ndiyo yanayomtikisa nzi. Duluti mchana wenye upepo kidogo, mbinu hii ni bora kuliko zote nilizozitaja hapo juu. Boya liwe dogo kabisa, kipande cha kandambili ya zamani kilichokatwa ukubwa wa punje ya hindi kinatosha.

Sasa ndiyo tufike kwenye nzi mwenyewe. Hapa usimwige mvuvi wa besi. Nzi wake ni mkubwa kama kidole gumba kwa sababu besi anakula samaki wenzake. Perege ana mdomo mdogo, na chakula chake ni ukungu wa kijani wa majini, vijidudu na funza wadogo wa tope. Ndoano namba 12 au 14. Rangi tatu zinatosha msimu mzima wa baridi: kijani iliyofifia, nyekundu ya damu ya mzee, na nyeusi.

Kutengeneza hakuhitaji kuagiza kitu ng'ambo. Manyoya ya shingo ya jogoo wa kienyeji wachinja kuku wa soko la Kilombero watakupa bure, mradi uwafikie kabla hawajayamwagia maji moto. Chagua yale membamba yanayong'aa, yakatae yenye nyuzi laini laini chini. Uzi wa cherehani, ule mwembamba. Nyuzi za katani zilizochanwa zinafanya mwili mzuri wa kijani ukizitia rangi. Kwa kichwa, ushanga mdogo wa Kimaasai unapita kwenye ndoano namba 12 ukishabana kijino chake kwa koleo, ila ushanga ni kioo, hauna uzito wa maana. Uzito utoke kwenye waya wa shaba uliofunguliwa kutoka mota iliyoungua, uzungushe mara nane au kumi kwenye shina la ndoano kabla ya kuvika mwili. Risasi usitumie. Ndege wa majini wakiimeza inawaua, na waya wa shaba unatosha.

Kambale ana habari yake. Yeye baridi haimsumbui kwa kiwango hicho, anakula usiku na jioni, na nzi mweusi mrefu kama kidole cha kati, akiburuzwa polepole juu ya tope, atamwamsha. Lakini jiandae na fimbo nzito zaidi ya namba 6.

Dalili: anagusa, unavuta, hakuna kitu

Mchana mmoja wa mwezi wa saba kijana mmoja alikuwa amesimama na fimbo nzuri mpya hatua chache kutoka kwa mzee aliyekuwa akivua kwa mshipi wa mkono na donge la ugali. Mzee ameshatoa wanne, kijana bado. Akashindwa kuvumilia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nyoya limekataa?"

"Wanagusa mzee, ila hawanasi."

Mzee hakugeuka. Mshipi wake ulikuwa umelala juu ya kidole cha shahada, pale kwenye nyama laini ya ncha, kidole gumba kikiwa juu yake bila kubana. "Unasubiri akuvute," akasema. "Wa baridi havuti. Anatia mdomoni, anaonja, anatema. Mimi nikisikia mshipi umekuwa mzito kama umelowa zaidi, navuta." Akavuta. Wa tano.

Kila kitu kiko humo. Wakati wa joto perege hunyakua na kugeuka, naye hujinasa mwenyewe. Wakati wa baridi anafyonza nzi akiwa amesimama palepale na kumtema baada ya sekunde moja au mbili. Mguso unaousikia kwenye fimbo mara nyingi ni ule wa kutema. Kwa hiyo ishara unayoitafuta si kugongwa, ni badiliko lolote: mshipi umesimama wakati ulipaswa kuendelea, umekuwa mzito, umelegea ghafla, boya limelala upande. Vuta kwa kila jambo usilolielewa. Utavuta majani mengi, sawa.

Jinsi ya kuvuta nayo ina makosa yake. Wengi huinua fimbo juu, na kama mshipi ulikuwa umepinda majini, nusu ya nguvu inaishia kunyoosha upinde. Ncha ya fimbo iwe chini, karibu kugusa maji, imeelekezwa kwa nzi, na kunasa kufanywe na mkono wa kushoto: vuta mshipi wenyewe sentimita ishirini, thelathini, moja kwa moja. Ukisikia uzito ndipo uinue fimbo.

Kagua na ndoano. Iburuze taratibu juu ya ukucha wa gumba. Ikiteleza ni butu, ikikwama iko sawa. Mkia wa nzi usiwe mrefu kuliko ndoano yenyewe, kwa sababu samaki mvivu anashika mkia tu na kuachia. Ukiona manyoya ya mkia yamenyonyoka bila samaki, umepata jibu: yakate.

Dalili: unamwona anafuata, kisha anageuka

Masika yameisha, mito haileti tope, maji ya kipupwe yanakuwa angavu. Perege anaona uzi. Shuka kwenye uzi wa milimita 0.16 au chini yake, urefushe, na ndoano iwe ndogo zaidi kwa saizi moja. Akifuata, usiongeze mwendo ukidhani unamtamanisha. Simamisha, mwache nzi azame kidogo. Na vaa nguo za rangi ya msitu. Yule mwenye koti la njano la bodaboda anajiuliza bure.

Dalili: mshipi unajisokota, haufiki mbali, unanasa mitini

Mishipi mingi inayouzwa kwa ajili ya nchi za joto imetengenezwa kuwa migumu ili isilegee juani. Asubuhi ya nyuzijoto 12 ugumu huo unageuka tatizo: inatoka kwenye gurudumu la kukunjia ikiwa bado ina umbo la gurudumu, inajikunja kama chemchemi, na mguso mwepesi haufiki mkononi. Kabla ya kuanza, funga ncha kwenye mti, toa mita kumi na tano, unyooshe kwa kuvuta taratibu na kuushikilia nusu dakika. Kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya mche, suuza. Mshipi wenye uchafu hautelezi kwenye vikuku vya fimbo, vile vijipete unamopita, na watu hulaumu fimbo.

Kuhusu miti, ukingo wa Duluti haukupi nafasi ya kurusha nyuma. Usipambane nayo, rusha kwa kuviringisha. Mshipi uwe majini mbele yako. Inua fimbo polepole mpaka ncha ipite bega na mshipi uning'inie kutoka kwenye ncha ukifanya tumbo nyuma ya mkono wako. Ngoja. Kungoja huku ndiko watu wanakokosa. Mshipi lazima usimame kabisa, ushikwe na maji. Kisha sukuma mkono mbele kwa kasi inayoongezeka na kuishia ghafla, kama unagonga msumari uliopo usawa wa jicho. Mshipi utajiviringisha juu ya maji na kwenda. Mita kumi zinatosha. Ukiwa na boya na uzi mrefu, fanya mwendo mpana na mzito zaidi, la sivyo boya litakurudia usoni.

Dalili: nzi ananasa chini kila mara

Unavua kwenye kina sahihi, hongera. Funga nzi wachache ambao macho yao yametengenezwa kwa vipande vya mnyororo wa shanga za chuma, uyafunge upande wa juu wa shina, nyuma kidogo ya tundu. Uzito huo unamgeuza nzi, ncha ya ndoano inatazama juu. Penye mizizi na magogo yaliyozama tumia boya, usiburuze.

Dalili: ananasa, kisha anachomoka au uzi unakatika

Uzi ukikatika kwenye fundo, na ncha iliyobaki imejisokota kama mkia wa nguruwe, fundo limeteleza. Lilowanishe kwa mate kabla ya kukaza, kaza polepole. Vidole vilivyokufa ganzi hufunga mafundo mabaya, ndiyo maana wengine huja na uzi na nzi wameshafungwa tangu nyumbani. Akichomoka bila kukata, mara nyingi ulimlegezea wakati anakuja upande wako. Perege wa baridi hapigani sana, hivyo watu wanazembea.

Kwa wa Moshi

Bwawa la Nyumba ya Mungu liko chini zaidi, takriban mita 690 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake si ya Tengeru. Kipimajoto kitakuambia mara nyingi uko kwenye 22 na zaidi. Tatizo la kule ni upepo wa mchana ambao unazima kurusha kokote. Hapo, kinyume na nilivyosema juu, asubuhi inaweza kuwa nafuu. Simama nchi kavu, maana mamba wapo. Na uliza kwanza kama bwawa limefunguliwa, kwa sababu limewahi kufungwa ili samaki waongezeke. Wanaovua kwenye mabwawa ya watu binafsi huko juu, Machame na Marangu, wafuate maelezo ya Arusha, tena kwa ukali zaidi, kwa sababu maji yanayoingia yanatoka mlimani.

Dalili: samaki wako juu wanahema, na hawagusi chochote

Hili si tatizo la nzi. Maji ya juu yakipoa yanakuwa mazito, yanashuka, na yale ya chini yaliyokaa muda mrefu bila hewa yanapanda. Siku za baridi zenye upepo zinalichochea ziwa lote. Maziwa ya kreta kama Duluti, yaliyokaa kwenye shimo la volkano, yenye kina na yaliyozungukwa na kuta, hukusanya huko chini maji yasiyo na oksijeni, wakati mwingine yakiwa na harufu ya yai bovu. Yakichanganyika, oksijeni inapungua kila mahali, na perege wanapanda kuvuta ile kidogo iliyo juu. Kambale utamwona mzima, kwa kuwa anaweza kupumua hewa.

Usiwavue. Hawali, na ukimnasa mmoja kwa bahati hatapona ukimrudisha. Samaki waliokufa wakielea usiwaokote kwa ajili ya kula, mpigie afisa uvuvi wa kata. Mwenye bwawa lake afungulie maji mapya na aache kulisha mpaka watulie.

Ukirudi baada ya siku kadhaa upepo umekatika na samaki hawahemi tena, ile kanuni ya kuanzia chini iweke pembeni kwanza. Maji ya chini huenda bado hayana hewa ya kutosha, na samaki watakuwa wamebanwa juu. Funga boya, mning'inize nzi mwekundu sentimita 80 hadi mita moja tu, ukingo wa kusini, saa nane mchana, na ushuke nusu mita kwa wakati kadiri siku zinavyokwenda.